Lifti ya gari nyumbani: tazama jamvi kwanza

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

 

Barua ninayoijibu leo imetoka Kikwe, wilayani Arumeru, kule tambarare ukishaiacha Usa River na kuteremka upande wa kusini wa barabara kuu ya Arusha na Moshi. Mwandishi wake ni mzee aliyeendesha magari ya watalii kwa muda mrefu, Serengeti, Ngorongoro, Tarangire na kurudi, mpaka alipostaafu na kupewa kiinua mgongo chake. Shikamoo mzee. Sehemu ya fedha hizo alinunulia Land Cruiser mbili, ambazo huzikodisha kwa makampuni ya utalii wakati wa msimu. Sehemu iliyobaki anataka kununulia lifti ya kunyanyulia magari, aifunge katika banda lililo ubavuni mwa nyumba yake, ambamo mpwa wake anafanya kazi ya ufundi. Kiinua mgongo kinunue kiinua gari. Mzee mwenyewe ameuona mzaha huo na kuuandika.

Anauliza mambo mawili. Anunue lifti ya nguzo mbili au ya nguzo nne? Na je, lifti hiyo yaweza kufungwa juu ya jamvi lililopo, au alibomoe? Jirani yake amemwambia kwamba bolti zikikazwa barabara hakuna neno.

Liko jambo la tatu ambalo mzee hakuliuliza, ila limo ndani ya barua. Anaeleza jinsi kijana anavyofanya kazi hivi sasa: gari linapandishwa kwa jeki, matofali mawili ya saruji yanawekwa chini ya ekseli, kisha kijana anaingia uvunguni. Ameandika sentensi hiyo kama mtu anayeeleza jinsi chai inavyopikwa. Wala si yeye peke yake. Pita gereji bubu yoyote ya Arusha, kuanzia Unga Limited hadi pembezoni mwa Tengeru, utaona miguu miwili imechomoza chini ya gari, na kinacholishikilia gari hilo ni jeki na bahati.

Nitaanza na hilo la tatu, maana lifti itachukua miezi kufika na kijana ataingia uvunguni kesho asubuhi.

Tofali la saruji limetengenezwa kukaa ukutani, ambako mzigo wake umeenea juu ya uso wake wote. Ukilibebesha chuma cha ekseli mahali pamoja, na pengine lenyewe limelala juu ya kokoto, linaweza kuvumilia mara nyingi, halafu siku moja likapasuka ghafla. Gogo hulia kabla ya kuvunjika, hata mtu akapata nafasi ya kujivuta. Tofali halilii. Jeki nayo ni chombo cha kupandishia, si cha kushikilia. Ndani ya jeki ya mafuta mzigo wote umekaa juu ya sili ndogo ya mpira. Sili ikilegea, gari linashuka. Ile jeki ndefu ya chuma ambayo madereva wa watalii huifunga juu ya bampa ni nzuri sana kwa kulikwamua gari matopeni, lakini kwa kufanyia kazi chini ya gari haifai hata kidogo, maana hulala upande kwa kusukumwa kidogo tu.

Wenye Land Rover wa zamani wana hatari moja ya ziada. Breki ya mkono ya magari hayo haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa hewani, difu huliruhusu lizunguke, na breki uliyoivuta kwa nguvu zako zote haizuii gari kusogea. Ndiyo maana kabari za magurudumu si mapambo.

Dawa ya haya yote ni stendi za chuma, zile za miguu mitatu au minne zenye pini au meno ya kupandishia. Jozi moja nzuri haizidi bei ya tairi jipya la Land Cruiser. Nunua mbili za mbele na mbili za nyuma, kila moja iwe imeandikwa uzito wake. Soma maandishi vizuri, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huandika uzito wa jozi na wengine wa stendi moja. Ziweke chini ya chesesi au chini ya ekseli, juu ya sakafu ngumu. Pakiwa na udongo, tanguliza bamba nene la chuma au ubao mpana. Gari likishakaa, lisukume kwa bega kabla mtu hajaingia. Kama litaanguka, lianguke wakati huo.

Mzee, hizi zinunue juma hili. Sasa tuje kwenye lifti.

Chombo hiki kina umri wa karne moja. Peter Lunati wa Memphis, Marekani, alikitengeneza mwaka 1925, na inasemekana wazo alilipata kwa kinyozi, alipoona kiti kinavyopanda na kushuka kwa nguvu ya mafuta. Kampuni yake, Rotary, ingali inatengeneza lifti hadi leo. Za mwanzo zilikuwa na mhimili mmoja uliochimbiwa ardhini. Za sasa, zinazoweza kuingia katika banda la nyumbani, ni hizo za nguzo mbili na za nguzo nne alizozitaja mzee, pamoja na za mkasi, ambazo nyingi hazipandi juu sana.

Ya nguzo nne ina njia mbili za chuma; gari linaendeshwa juu yake na kukaa kwa magurudumu yake yenyewe. Uzito umegawanyika katika nyayo nne, na gari haliwezi kuteleza kwa sababu ya kushikwa mahali pasipofaa. Kwa mtu anayetaka kumwaga oili, kupiga grisi, kukagua ekzosi au kuegesha gari moja juu ya jingine, hii ndiyo inayofaa. Ubaya wake ni kwamba magurudumu yamekanyaga. Ukitaka kutoa breki, shokapu au springi, unahitaji jeki nyingine ya kukaa katikati ya zile njia mbili, na bei inaongezeka.

Kazi za mpwa wa mzee ni zipi? Gari linalokwenda na kurudi katika mawimbi ya barabara ya kutoka Lango la Naabi hadi Seronera huleta nyumbani shokapu zilizokufa, bushi zilizolika, springi za nyuma zilizokatika pande moja au mawili, na bolti zilizojifungua zenyewe. Karibu zote ni kazi zinazotaka gurudumu lining'inie. Kwa hiyo, kwa upande wa kazi, mzee anahitaji nguzo mbili, ile ambayo mikono yake minne hushika chesesi na kuacha magurudumu huru.

Lakini nguzo mbili ndiyo inayodai zaidi, na hapa ndipo jirani alipopotea. Ya nguzo nne husimama kama meza. Ya nguzo mbili husimama kama mtu aliyenyoosha mikono mbele akiwa amebeba gunia: uzito wote unamvuta aanguke kifudifudi, na kinachomzuia ni nyayo zake zilizogandishwa chini. Nyayo hizo ni bamba la chuma lililokazwa kwa bolti zinazopanuka ndani ya zege. Bolti haishikilii nguzo kwa nguvu zake yenyewe. Inashikilia zege, na zege ndilo linaloshikilia nguzo. Zege likiwa jembamba au bovu, bolti hung'oka na bonge lake, hata kama fundi aliikaza kwa bomba la futi sita.

Watengenezaji wengi wa lifti za tani 4 hadi 4.5 hutaka zege lisilopungua unene wa sentimita 10 hadi 11, lenye nguvu ya newton 20 hivi kwa kila milimita ya mraba, lililokomaa siku 28, na lisilo na ufa karibu na bolti. Wapo wanaotaka zaidi, kwa hiyo kitabu cha lifti yenyewe ndicho cha kufuata. Jamvi la banda la kawaida vijijini kwetu likoje? Mawe, moramu, zege la nchi mbili au tatu, kisha niru ya kung'arisha. Ukilitazama kwa juu linapendeza kama la hoteli. Chukua drili, toboa mahali pasipoonekana, upime kwa msumari. Mzee akitoboa na kukuta nchi tatu, swali lake la pili limejijibu.

Kisha kuna udongo. Huku juu kwenye miteremko ya Meru tunajengea udongo wa volkano, mwekundu au wa kahawia, ambao humeza maji na kutulia. Ukiteremka tambarare, sehemu nyingi utakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi hata mguu wa mbuzi ukazama, na kuvimba masika. Udongo huo hupandisha na kushusha jamvi kila mwaka, na huleta nyufa. Nguzo moja ikishuka sentimita moja kuliko mwenzake, gari lote limeinama huko juu.

Ushauri wangu ni kwamba jamvi la banda zima lisibomolewe. Kata mahali pa kila nguzo, mraba wa mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, au ungana uwe ukanda mmoja mrefu unaopita chini ya nguzo zote mbili, maana huo ni bora zaidi. Chimba udongo mweusi uutoe, ujaze moramu na kuishindilia kwa tabaka, kisha umwage zege la unene wa sentimita 30 lenye nondo chini na juu. Mchanganyiko uwe ndoo moja ya saruji, moja na nusu ya mchanga, tatu za kokoto, na maji machache kuliko wanavyopenda vibarua. Maji mengi hurahisisha kazi ya koleo na kuua nguvu ya zege. Lifunike kwa magunia, limwagilie asubuhi na jioni kwa juma zima au zaidi, na usikubali mtu alitoboe kabla ya siku 28. Ukikita nondo, pima kwanza bolti zitapita wapi, drili isije ikagonga chuma. Mchoro wa kazi hii mwombe fundi sanifu auangalie. Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwa kikifundisha watu wa namna hiyo tangu mwaka 1978, na mmoja wao hatakosekana jirani.

Kuna wanaouliza, kwa nini mzee asichimbe shimo kama gereji za zamani? Shimo ni rahisi, halitaki umeme, na kwa oili na grisi linatosha. Lakini Wameru ni watu wa mifereji, na penye mfereji wa kumwagilia mashamba karibu, shimo hujaa maji mara kwa mara. Pia mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Huteremka shimoni na kutulia humo, ukingoja cheche ya taa ya waya au ya mashine ya kusagia. Isitoshe, shimo halininginizi gurudumu. Kwa kazi za huyu kijana, shimo halisaidii sana.

Kuhusu urefu wa paa, wengi hudanganyika. Duka litakuambia kwamba lifti ya nguzo mbili inataka dari la mita 3.6. Hiyo ni hesabu ya gari dogo. Land Cruiser ya watalii yenye paa la kunyanyuka ina kimo cha zaidi ya mita mbili hata paa likiwa limefungwa. Ukiipandisha ili mtu asimame chini yake wima, ongeza mita 1.8, na tayari umefika mita nne. Tena lifti nyingi zina mwamba wa chuma unaounganisha vichwa vya nguzo, na paa la gari litaugonga kabla kazi haijaanza. Kwa magari ya namna hii chagua ile ambayo maungio yake yanapita chini sakafuni, juu pakabaki wazi, na uvumilie kizingiti kidogo cha chuma kinachopita sakafuni. Chukua futi, panda juu ya gari lako, upime. Usipime kwa macho.

Uzito nao usiukadirie kwa kitabu cha Toyota. Gari la watalii limerefushwa, limeongezewa viti, tangi la pili, friji, magurudumu ya akiba na bampa la chuma. Hesabu tani 3 na uwe na akiba juu yake. Na ikumbukwe kwamba lifti ya tani 4 ina mikono minne, kila mmoja wa kubeba tani moja. Gari lililorefushwa lina uzito mwingi nyuma, hivyo mikono ya nyuma yaweza kuzidiwa hali mashine nzima haijafikia kipimo chake. Kijana ajifunze kuupata mzani wa gari: anapandisha sentimita kumi tu, anasimamisha, anatikisa, na gari likiinama anashusha na kupanga upya.

Umeme. Lifti nyingi za viwanda vya China zinakuja na mota ya fezi tatu, na nyumba nyingi za vijijini zina laini ya fezi moja. Ulizia ya fezi moja, volti 220 hadi 240. Tazama pia bamba la mota kama limeandikwa Hz 50, kwa kuwa zile za soko la Marekani ni za Hz 60 na hapa kwetu zitakwenda polepole na kupata joto. Mota ya kilowati 2.2 inataka waya wake yenyewe na swichi yake yenyewe kutoka kwenye ubao mkuu, si kuchomekwa pale penye pasi na redio. Umeme ukikatika gari likiwa juu, halitaanguka, alimradi limekalishwa kwenye meno ya usalama. Lakini halitashuka pia! Kuyaachia meno hayo ni lazima gari lipandishwe kidogo kwanza, na kupandisha kunataka umeme. Basi gari la safari ya alfajiri lisitundikwe jioni ya kuamkia safari, au hakikisha lifti ina pampu ya mkono.

Meno hayo ndiyo yaliyobeba uhai wa mtu. Gari linapopanda husikika ka, ka, ka, kila hatua pande zote mbili kwa pamoja. Ukifika unapotaka, ushushe tena kidogo mpaka uzito ukae juu ya meno. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa haraka, wakaacha gari likining'inia kwa mafuta na nyaya. Hapo tumerudi kwenye jeki ileile, safari hii ikiwa juu ya kichwa cha mtu.

Mwisho wa barua yake mzee anasema ameonyeshwa lifti iliyotumika, bei yake nafuu, mwenye nayo anasema imetoka Dubai. Haitakuwa mbaya kwa sababu tu imetumika. Ila usitoe fedha ikiwa imelala chini kama chuma chakavu. Iwe na bamba linaloonyesha uzito wake. Pitisha kitambaa kwenye nyaya zake za chuma. Kikinasa, nyuzi zimeanza kukatika. Tazama sehemu zilizochomelewa kama kuna rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu. Ikiwezekana uione ikiwa imefungwa, na gari juu, kwa muda wa saa nzima, ukitazama kama upande mmoja unashuka. Bolti za zamani usizihamishe, nunua mpya. Na baada ya kufunga, zikaze kwa spana ya kupimia, kisha uzirudie baada ya majuma machache ya kazi.

Neno moja kwa mzee kama mwajiri, maana hata mpwa ni mfanyakazi anapolipwa. Sheria Namba 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi haibagui banda la nyuma ya nyumba na kiwanda, na wakaguzi wa OSHA hushughulika na vyombo vya kunyanyulia. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na waajiri walianza kuuchangia mwaka 2015. Kijana asiye na mkataba wala jina kwenye daftari lolote atapata taabu kubwa kuthibitisha kwamba mgongo wake uliumia kazini, hasa kama mwajiri ni mjomba wake. Mwandikishe kabla lifti haijafika.

Mzee ameeleza kwamba magari yake hupumzika Aprili na Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni, na huo ndio wakati wa matengenezo makubwa. Zege likimwagwa mwanzoni mwa Februari, litakuwa limekomaa kabla ya mvua. Likicheleweshwa mpaka udongo mweusi ulowe, basi kazi hiyo ingoje kiangazi, na mwaka huo magari yatengenezwe juu ya stendi nne.

Juma lijalo nitazungumzia barua ya mama mmoja wa Sakina kuhusu matangi ya maji ya juu ya nyumba. Kwaherini.